Mrija Mmoja, Watu Wawili: Kumkumbuka Mama Mwavita wa Buyenzi

Milima haikutani, binadamu hukutana. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini, wasikilizaji wapendwa, katika Bujumbura ya leo, mwaka huu wa 2003, methali hiyo imesimama kichwa chini. Wasiokutana ni binadamu. Tangu vita viugawe mji, mtu wa Ngagara hakanyagi Buterere. Mtu wa Buterere hakanyagi Ngagara. Ili wakutane, ilibidi waende mlimani.

Aliyewapeleka mlimani ndiye tunayemkumbuka. Ni Mama Mwavita, muuza vitenge wa Buyenzi, mama yake Lisette. Alifariki Jumapili iliyopita katika Hifadhi ya Ruhinga, juu ya mji huu. Tulimzika Jumatano. Kama ndiyo kwanza unafungua redio, narudia: tunamkumbuka Mama Mwavita, aliyefia Ruhinga.

Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Vita vya kwao vilimvusha mwaka 1996, furushi la vitenge kichwani, Lisette amemshika mkono. Hapa alikuta vita vingine. Aliwahi kuniambia kwamba alikimbia mvua akaingia mtoni.

Wakubwa wetu wanaikumbuka Ruhinga ya zamani. Jumapili familia zilipanda kwa njia ya maporomoko, zikakaa juu ya mwamba mkubwa kula mishikaki. Kutoka pale unaiona bandari yote, na meli zinazokwenda Kigoma zimekuwa ndogo kama viatu vya mtoto. Kisha vita vikaifunga njia. Ilipofunguliwa tena mwaka 2001, kwa siku za Jumapili tu, watu waliogopa. Mwavita alipanda peke yake. Alitaka kuiona milima ya kwao.

Aliporudi alikuja hapa studioni, kanga imejaa vumbi. Akasema: "Kitu kizuri ukikiangalia peke yako, ni kama umekiiba. Nisomee tangazo, dada."

Nikamsomea. Tangu siku ile, kila Jumamosi, sauti iliyowaita watu Ruhinga ilikuwa hii mnayoisikia.

Wakaja. Wachache, wakiangaliana kwa pembe ya jicho. Mwavita alibeba chungu cha pombe ya mtama, na mirija ya kunywea. Mirija hiyo haikutosha kamwe, naye alifanya hivyo kusudi. Sheria yake ilikuwa moja: watu wawili, mrija mmoja. Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Nanyi mnajua, wasikilizaji wapendwa, kwetu mtu hatii mdomo kwenye mrija uliotoka kwenye mdomo wowote tu. Na mnajua pia kwamba mwenye chungu huonja kwanza, ili wageni wajue hakuna sumu. Mwavita alionja kwanza. Hata njiani yeye ndiye aliyetangulia. Hakukubali mtu mwingine apite mbele yake.

Sylvère ni karani wa serikali, mkazi wa Ngagara. Mdogo wake aliuawa mwanzoni mwa vita. Valéry analima mpunga Buterere. Nyumba yake ilichomwa moto. Kila mmoja alilaumu upande wa mwenzake. Mwavita aliwapa mrija mmoja.

Valéry alikunywa. Sylvère akatoa leso, akaufuta mrija polepole, kila mtu anaona.

Mwavita akamuuliza: "We Sylvère, unafuta vumbi ao unafuta mutu?"

Watu wakacheka. Sylvère hakucheka. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi, na leso yake. Akawa anafuta kila mara. Valéry naye akazoea, akimaliza kunywa anampa mrija na kumwambia: "Haya muzee, piga pasi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Ilikuwa Agosti, mwaka jana. Wako juu ya mwamba, chungu katikati. Wanaume wenye bunduki, waasi wanaowasaka watu wa Ngagara, wakatokea kwenye majani marefu. Mkubwa wao akauliza hawa ni watu wa wapi. Mwavita akajibu kwamba wote ni wa Buterere, na yeye ni mkimbizi anayelala kwao. Yule bwana akavitazama viatu vya Sylvère, viatu vya ngozi. Mwavita akasema huyo ni mwalimu wao.

Mkubwa akaiona mirija. Akahesabu watu kwa macho, akaihesabu mirija, akatabasamu.

"Mutu wa Ngagara hawezi kumeza mate ya mutu wa Buterere," alisema. "Munywe, nione."

Mwavita akaonja kwanza, kama desturi. Wakanywa wawili, wakanywa wengine wawili. Ikafika zamu ya Valéry. Akanywa, akampa Sylvère mrija.

Valéry ameniambia hivi: "Mukono wake ulienda mufukoni. Nikaona ncha ya ile leso. Nikasema, basi, tumekufa wote."

Mkono ukakaa mfukoni. Bunduki nazo zinautazama.

Kisha ukatoka mtupu. Sylvère akaushika mrija, akautia mdomoni ulivyo, umelowa. Akanywa. Akaendelea kunywa, mpaka Valéry akamwambia: "Na mi niachie, muzee."

Mkubwa akacheka. Akasema kweli, hawa ni wa Buterere. Wakachukua chungu na pombe iliyobaki, wakarudi majanini.

Nilimuuliza Sylvère kama siku ile alimsamehe Valéry. Akanijibu bila kuremba: "Apana. Nilikunywa kwa woga. Heshima ilikuja nyuma, kwa miguu. Lakini ilifika."

Jumapili iliyopita Mwavita alitangulia, kama kawaida. Chini ya maporomoko alikanyaga bomu lililotegwa ardhini. Waliomfuata hawakuguswa. Sylvère na Valéry walifunga machela kwa vitenge vyake, wakamteremsha, mmoja mbele, mmoja nyuma. Alikata roho kabla hawajafika barabarani.

Tangu siku ile simu za studio hii hazijanyamaza. Bwana mmoja aliniambia: "Vita haijaisha, nanyi munapeleka watu kutembea? Muombe radhi." Wengi wamesema kama yeye.

Nilikwenda kwa Lisette. Nilitaka kusikia yeye anasemaje, kwa kuwa aliyefiwa ni yeye. Alikuwa anakunja vitenge vya mama yake. Akasema: "Mama alionja kwanza. Ndiyo kazi ya mwenye chungu. Mukiogopa sasa, alionja bure."

Lisette, mwanangu, mji huu unalia pamoja nawe. Ndugu wa Uvira mnaotupata ng'ambo ya ziwa, pokeeni pole zetu. Sylvère, Valéry, nanyi nyote wa Ruhinga, poleni sana. Na wewe unayesikiliza, leo ukikaa kunywa, mfikirie mtu mmoja ambaye huwezi kushika naye mrija mmoja. Jiulize leso yako inafuta nini.

Njia ya Ruhinga imefungwa mpaka mabomu yaondolewe, na ni sawa ifungwe. Siku itakapofunguliwa nitalisoma tangazo la Mama Mwavita, neno kwa neno, kwa sauti hii hii. Mnaosubiri niombe radhi, mmesubiri vya kutosha. Siombi.