Jeneza Halina Nauli

Rufaida aliketi katikati ya tuktuk iliyotoka mtaa wa Barani kwenda hospitali, amepakata chupa ya uji wa dadake aliyelazwa, na wanaume wawili wasiojuana wakabishana kushoto na kulia kwake kana kwamba yeye ni mto wa kiti.

"Mimi nakatwa bima kila mwezi," alisema Kiprop, mpishi wa hoteli huko Kikambala. "Nikiugua naambiwa dawa nikanunue nje. Na asiyekatwa naye atibiwe sawa na mimi? Hiyo si haki, mzee."

Mzee Athman, mshona kofia wa Mambrui, hakuwa na haraka. "Wewe una mshahara wa kukatwa, mwanangu. Mimi naambiwa nilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, ndipo goti hili litazamwe. Nani kaonewa?"

"Bila mchango dawa zitatoka wapi?"

"Kuchanga twakujua. Kwetu jeneza ni la msikiti. Akifa mtu, tajiri au maskini, twalipokezana mabegani, wala hapana anayeuliza marehemu alichanga lini."

Rufaida aliona mzee ameshinda, hadi Kiprop alipouliza taratibu, "Kwa hivyo mzee, ili mtu abebwe bila kuulizwa, sharti afe kwanza?"

Tuktuk ikasimama. Goti likamgomea Athman kushuka, Kiprop akainama akampa bega, wakaenda hivyo hivyo wakibishana mpaka langoni, ambapo mlinzi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuomba kadi ya bima.