Picha Iliyokata Sikio

Ndugu, majirani, na ninyi mliosimama nje ya uzio kwa kukosa viti, familia inawaomba utulivu kidogo tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Subiri Kidogo kwa sababu hakuna aliyewahi kupigwa picha naye bila kuambiwa maneno hayo, na anayewasomea ni mjane wake, kwa kuwa kaka mkubwa wa marehemu amejaribu mara mbili akashindwa kuumaliza ukurasa wa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, alfajiri, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba fundi wa kupaka rangi na mama mshonaji wa mashuka ya hospitali hiyo hiyo. Alianza darasa la kwanza Januari 1979 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1989, na mama yake anasema alikuwa mtoto wa kutumwa chumvi asubuhi akarudi mchana, si kwa utundu, ila alikuwa amesimama mahali akitazama kivuli cha ngazi ya baba yake kikipanda ukutani, na alipochapwa alijitetea tu kwamba kilikuwa hakijafika juu.

Machi 1990 aliingia kujifunza kazi katika studio ya picha za vitambulisho karibu na posta, akakaa miaka mitano akinyoosha kola za watu mbele ya pazia la buluu, na tarehe 3 Julai 1995 aliajiriwa na gazeti kama mpiga picha, kazi aliyoifanya mpaka miguu ilipomkataa. Wenzake wa gazetini wanakumbuka siku dhoruba ilipong'oa na kutoboa mabati ya soko, wapiga picha wote wakakimbilia kupiga paa, wakapiga, wakaondoka, yeye akalala kifudifudi kwenye tope karibu saa mbili nzima, watu wakimruka na kumcheka kwamba leo Subiri Kidogo kasubiri mpaka kaota mizizi, hadi wingu lilipopasuka na jua likashuka kupitia yale matundu kama nyuzi, mamia ya nyuzi, likamkuta fundi cherehani mmoja amerudi mezani kwake anampima mteja mabega, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Mhariri alipoiona alifoka, "Nilikutuma mabati, wewe umeniletea fundi cherehani!" kisha akakaa, akaitazama tena, na kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele, na jamani, hata asiyejua kusoma alisimama kuitazama picha ile.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja, kwamba kila aliyempiga picha barabarani lazima ampelekee picha yake mkononi, na ndiyo maana leo tunaona hapa watu ambao hata familia haiwafahamu. Yupo mchukuzi wa mizigo wa sokoni, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mgongo wake, marehemu alimfuata wiki tatu akingojea dakika ile anapotua gunia na kujinyoosha, na alipompelekea picha, mzee wa watu aliishika kwa pembe kwa mikono miwili kama kitu cha moto, akasema, "Kumbe mimi ni mrefu!" Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo hakula, akawa anamrudia mkewe tu maneno hayo, kumbe ni mrefu, mama, miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia.

Kuhusu ndoa, ukweli usemwe, ilitokana na kosa. Tarehe 29 Oktoba 1999, kwenye mahafali ya kidato cha nne, marehemu alipiga picha wasichana thelathini na mmoja, mmoja mmoja na cheti chake, akaendelea na walimu na wapishi, mpaka namba za kamera zikapita thelathini na sita, ambazo ndizo mwisho wa filamu, zikafika arobaini, ndipo jasho likamtoka, akafungua, akakuta filamu imelala pale pale alipoiweka, haikushika, haikusogea hata kidogo. Mwingine angehama mji, yeye aliazima baiskeli akawatafuta wote nyumba kwa nyumba kwa wiki tano, na wa mwisho alikuwa huyu anayesoma hapa, ambaye sare alikwishampa binamu yake, na mama yake alisimama mlangoni na kuuliza, "Wewe kijana, safari hii umeweka filamu, au umekuja kutuchungulia?" Marehemu akacheka, akawaonyesha kijigurudumu kilicho juu ya kamera upande wa kushoto, kwamba ukivuta filamu nacho kikazunguka, ujue filamu inakwenda, kikisimama unajidanganya, na tangu siku hiyo kila alipoweka filamu alikitazama na kusema, "Inatembea." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 2001, na tarehe 2 Agosti 2004 wakajaliwa mtoto wa kiume.

Mwezi wa tisa mwaka huu miguu ilianza kuvimba, akasema ni kusimama tu, mpiga picha na askari wa barabarani ugonjwa wao mmoja, na alipokubali kwenda hospitali tarehe 11 Oktoba, figo zote mbili zilikuwa zimechoka. Hapo ndipo mjane wake aligundua jambo lililomtia hofu kuliko yote, kwamba nyumba ina masanduku manne ya picha na baba hayumo hata katika moja, yeye siku zote alikuwa nyuma ya kamera, hata siku ya harusi, na mtoto mchanga hawezi kukumbuka sura ya mtu, angemwonyesha nini? Jumapili ya tarehe 14 Novemba aliichukua kamera mpaka wodini, mikono ya marehemu ilikuwa imevimba, ikabidi aweke filamu yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, akavuta, na marehemu akatazama na kusema, "Inatembea, mama, sasa usiitazame mashine, mtazame mtoto." Akapiga mara tano, mtoto analia, naye analia, asione vizuri anachopiga, na jioni ile daktari akamweleza kwamba macho ya mgonjwa yalikuwa yameanza kuona ukungu tangu juzi yake, basi hakujua tena kama marehemu alikiona kijigurudumu kile kikizunguka, au alimpa moyo tu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Novemba 2004, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, miezi mitatu na siku nne. Jana fundi wa kusafisha picha wa gazetini aliingia na ile filamu katika chumba cha giza, mjane akasimama nje ya mlango na mtoto mgongoni, na fundi alipotoka ameishika ingali inachuruzika maji, alisema neno moja tu, "Shemeji, ilitembea." Picha mbili ni nyeusi, moja ni dari, moja ni shuka, na ya tano ndiyo hii iliyowekwa mbele yenu, mkono wa mtoto uko shavuni kwa baba yake na baba anamtazama kama alivyolitazama lile jua la sokoni, na mkiona sikio moja limekatika msimlaumu fundi, aliyepiga ndiye huyu anayewasomea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani usiku na mchana kwa upole, majirani mliopika na kulala nasi, mhariri na wafanyakazi wote wa gazeti, na kila aliyekuja leo na picha yake mfukoni, tumeziona, asanteni.

Pumzika kwa amani, baba wa mtoto wetu. Kamera itabaki nyumbani, na mtoto akikua ataonyeshwa kwanza kile kijigurudumu.