Zephaniah Olinga, 1966–1999: Mtu Asiyeficha Chanzo

Marehemu Zephaniah Olinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 kijijini Kamuriai, karibu na Malaba, akiwa kitinda mimba wa Mama Alaso na marehemu Mzee Akol. Anayewasomea haya ni Apeduno, dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni.

Alianza shule mwaka 1973, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983. Hisabati aliipenda. Yeye na jembe hawakuiva chungu kimoja.

Mwaka 1986 aliajiriwa Malaba na kampuni ya kutoa mizigo forodhani, akipiga chapa fomu za malori. Kompyuta ilipofika ofisini mwaka 1996, hakubanduka mbele yake. Intaneti haikuwepo, lakini alipata brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kwenye diski iliyotoka Kampala. Akaandika kurasa zake mwenyewe, na fomu za forodha zikawa zinajazwa na kupigiwa hesabu humo humo bila waya wa simu. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika kumi. Hakuiuza. Aliigawa Malaba na Busia kwa disketi, pamoja na maandishi yaliyoiunda, ambayo aliyaita chanzo, ili atakayeona kosa alisahihishe. Sharti lake lilikuwa moja tu: usimfiche mwenzio chanzo.

Kila disketi aliiandika, "Fungua chanzo, rekebisha, rudisha." Bwana Onyuka, ajenti wa Busia, aliibandua disketi yenyewe kwa kisu, akairudisha vipande vipande ndani ya bahasha. "Boss, nimefungua yote," alisema, "lakini hiyo chanzo sijaiona." Zephaniah alicheka hadi akaketi chini, kisha akamfundisha. Ni Onyuka huyo huyo aliyekuja kusahihisha kosa katika hesabu ya kilo.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa Rosebella Nasambu wa Marachi. Walijaliwa Quinton, kisha Mourine, aliyetutoka mwaka 1997 akiwa na miezi tisa.

Februari mwaka huu alianza kukohoa. Juni alipimwa, akamwambia dada yake jibu, na dada akalifungia moyoni. Kunyamaza huko kulikuwa kosa. Watu walisema amerogwa na maajenti wenye wivu, na jina la Onyuka likawa linatajwa pamoja na kiberiti. Zephaniah aliposikia, alimwita Apeduno kitandani. "Dada, siku ya kunizika usome chanzo. Kitu ikifichwa chanzo, nani ataitengeneza?" Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Novemba 1999, saa tisa alasiri.

Baba mdogo, Mzee Ekisa, alitaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. "Mtoto wetu tunamzika, hatumuaibishi," alisema. Apeduno anamheshimu, na alimkatalia huku analia. Zephaniah aliuawa na UKIMWI. Bwana Onyuka hana hatia, na nyumba yake isiguswe.

Marehemu ameacha mama yake, dada yake Apeduno, mwanawe Quinton wa miaka sita, na mjane wake. Asubuhi ya leo Rosebella aliisoma karatasi hii, akairudisha. "Dada, na yangu usome," alisema. "Isikae kama ni yake pekee."

Basi imesomwa. Rosebella anaugua ugonjwa huo huo. Ameketi pale mbele, na kiti kilicho kando yake kiko wazi tangu asubuhi.

Mungu ampe Zephaniah pumziko, na sisi atupe miguu ya kwenda kuketi pale.