Ukingo wa Kikapu cha Mama

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo, karibuni kwenye maonyesho yangu. Nikilia mnivumilie, nitanyamaza kidogo halafu nitaendelea.

Wengi hapa Iyunga, Mbeya, mnanijua kwa picha zangu za kubandika. Nachanganya rangi, vitenge, magunia, chochote kinachoshika gundi. Wengine mnaziita takataka, nawasikia. Lakini jicho la rangi nilipewa na mama, msukaji wa vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni, kule kwetu Iringa. Vikapu vyake vimeuzwa mpaka Ulaya, ndugu zangu, na hakuna hata kimoja chenye jina lake.

Mama alinifundisha kusuka, ila ukingo alifunga mwenyewe. Ule msokoto wake wa juu hakuna kijijini aliyeuweza. Nikimwomba, anasema, "Subiri, mwanangu. Ukija Krismasi nitakuonyesha."

Alifariki kabla ya Krismasi. Ghafla tu, asubuhi, ameshaloweka milulu ilainike ili amalizie kikapu. Kilibaki ukingo tu. Nilipofika kutoka Mbeya, shangazi zangu walikuwa wameshakata shauri: kazi ambayo marehemu hakuimaliza haibaki nyumbani, inakwenda naye. Nikawaomba, jamani, niachieni hiki kimoja. Wakaniambia nisilete ubishi msibani. Nikakiona kinashuka naye kaburini.

Kilichobaki ni beseni la milulu. Ilikuwa imeanza kunuka. Nikaianika, nikarudi nayo.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nikaibandika milulu ile kwenye ubao nimchore mama katikati, uso ukakataa. Kila nikichora, anatokea mwanamke mwingine. Nikaogopa kwamba nimemsahau mama yangu. Nikaacha kazi kabisa. Mume wangu anapika, mimi nimekaa naangalia ubao. Nyinyi majirani zangu mkaja mkanikuta hivyo, sijaoga, nikawajibu vibaya. Mkafagia, mkaondoka, kesho yake mkarudi.

Kisha akaja Mama Mdogo, yule aliyekuwa akisuka na mama. Alikuja kutibiwa macho hapa mjini. Akasogea hadi pua karibu iguse ubao, akapapasa milulu.

"Hii ya mama yako," akasema. "Mbona unahangaika na uso? Akisuka, uso wake uliuona lini? Si alikuwa ameinama?"

Nikalia kuliko nilivyolia msibani. Ni kweli. Mama nilimjua kwa utosi, kitambaa chake cha kijani, na mikono. Nikamchora ameinama. Mama Mdogo akanitajia waliomfundisha mama, na waliowafundisha hao, marehemu wote. Kila mmoja nimemtengenezea ubao wake, na jina lake nimeliandika kubwa. Vya kubandika mlinipa nyinyi: khanga zilizochakaa, gunia la mchele wa Chimala, hata vifungo vya mashati ya waume zenu.

Asanteni sana. Sijapona, ila nafanya kazi huku nalia, na inawezekana. Nanyi mkiwa na mama anayejua kitu, msingoje Krismasi. Nendeni wiki hii mkakae karibu naye.

Ubao wa mama ndio ule pale mlangoni. Mtaona kikapu kilicho mapajani mwake hakina ukingo. Nilimuuliza Mama Mdogo kama anaujua. Akatikisa kichwa.

"Na mimi aliniambia nisubiri."