Rangi ya Viatu Kichwani mwa Neema

Bwana asifiwe! Hata nyinyi wa benchi za nyuma mnaocheka kabla sijaanza. Ni kweli, nilimpaka dadangu mchanga rangi nyeusi ya viatu kwa nywele, na akapelekwa madhabahuni hivyo hivyo.

Ndugu zangu, Neema alizaliwa 2007 na nywele za rangi ya fedha, zinang'aa kama sufuria mpya. Mimi nilimwita Shosho, yaani nyanya, basi. Lakini nabii wetu wa zamani hapa Rongai hakuwa anatania. Alisema mathe, mama yetu, ameleta laana, na mtoto hataombewa mpaka mathe atubu dhambi yake mbele ya kanisa. Dhambi gani? Hata mathe hakuijua! Wamama wa maombi wakaacha kuja kwetu chai.

Tukaenda hospitali Nakuru. Daktari wa ngozi akatueleza polepole: rangi ya nywele hutengenezwa ndani ya seli, inawekwa kwa vifuko vidogo sana, na kuna protini ya kuvisafirisha. Jeni yenye maagizo ya hiyo protini ina kasoro, kwa hivyo vifuko vimekwama njiani. Nakala moja mbovu imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Neema mwenyewe ni mzima. "Hakuna mwenye kosa, mama," akasema.

Nabii alipoelezwa, alicheka! "Hospitali haioni roho. Jumapili utatubu."

Hasira zikanipanda! Nikaona nywele zikiwa nyeusi, nabii ataacha kumsumbua mathe. Jumapili asubuhi nikampaka Neema, nikamvalisha kofia kabla mathe hajaona.

Mbele ya kanisa kofia ikatolewa. Nabii akamwaga mafuta ya upako. Weusi ukaanza kutiririka hadi kwa mashavu.

"Pepo anatoka!" nabii akapaza sauti. Kanisa likalipuka! Na mathe amepiga magoti, ashafungua mdomo atubu chochote tu.

Nikakimbia mbele. "Pepo gani? Ni rangi ya viatu! Kopo ndilo hili!"

Mathe akasimama. "Sasa nabii, nitubu nini?" Akambeba mtoto, tukatoka.

Ndugu zangu, siku hiyo tulifunguliwa kutoka kwa hofu ya watu! Ashukuriwe Mungu, anayejua kila kifuko kilichokwama ndani ya Neema na bado anampenda. Mtegemeeni Yeye. Anayempigisha mama magoti bure, mwulizeni, "Dhambi gani?"

Pale nje mathe alinitazama, machozi na kicheko pamoja, akasema: "Mjinga wewe, umeniokoa. Sasa mwoshe mtoto, na kesho uende shule na hivyo viatu vyeupe kwa vumbi, rangi si umeimaliza."