Afande Pumua na Wiki Isiyo na Risasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ishirini na minne kati yake ikiwa hapa chuo cha polisi, mkufunzi wetu wa silaha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye majalada ana cheo na namba. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa chuo hadi wapishi wa bwalo, tunamwita Afande Pumua, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila kuruta anayeshika bastola huku mabega yamempanda hadi masikioni.

Sisi wa ghala la silaha tumekaa naye ukuta kwa ukuta, kwa hiyo tunayo mengi. Tunaikumbuka siku kuruta mmoja alipofumba macho yote mawili na kupeleka risasi zake tano kwenye shabaha ya jirani. Afande alizikagua shabaha zote mbili, akampongeza jirani kwa kupata matundu kumi kwa risasi tano, kisha akakaa na yule mfumba macho mpaka adhuhuri. Leo kuruta huyo ni mkuu wa kituo.

Kilichomleta chuoni hakikuwa chepesi. Mwaka wake wa saba kazini, Jumapili moja alasiri, yeye na mwenzake waliitwa kwenye duka la vipuri lililovunjwa. Mtu alichomoka mlango wa nyuma mbio, mkono mmoja ndani ya koti. Afande alifyatua risasi. Mkononi mwa marehemu kilikutwa kitambulisho cha kazi. Alikuwa mlinzi wa duka hilo, akiwakimbilia polisi.

Uchunguzi haukumtia hatiani. Yeye mwenyewe hakujisamehe kirahisi hivyo. Aliandika barua ya kuacha kazi, akatembea nayo mfukoni wiki mbili, kisha akaenda, bila kutumwa na mtu, kwa dada wa marehemu, fundi cherehani. Yule mama hakumpa kiti. Alimuuliza jambo moja tu: “Walikufundisha kupiga. Kutopiga alikufundisha nani?”

Afande alirudi, akaichana ile barua, akaandika nyingine ya kuomba uhamisho wa kuja hapa.

Enzi hizo kozi ya silaha ilikuwa wiki mbili: kulenga, kupiga, kuhesabu matundu. Afande akaomba wiki ya tatu, isiyo na risasi hata moja. Mkufunzi mkuu wa wakati ule alimjibu, “Dada, hapa tunafundisha shabaha, hatuhubiri.” Afande akapiga saluti, akatoka, na Jumatatu iliyofuata akarudi na ombi lile lile. Akafanya hivyo kila Jumatatu kwa miezi kumi na minne. Mzee alichoka kwanza.

Stoo ya magodoro ikageuzwa nyumba ya mazoezi. Mtu anatokea mlangoni kashika kitu: simu, funguo, mwiko, kisu. Kuruta anatakiwa arudi nyuma, ajikinge, aseme naye, atazame mikono. Risasi ni pale tu uhai wa mtu uko hatarini na njia nyingine zimekwisha. Wapishi walijitolea kuwa wahalifu. Mmoja alinogewa akakataa kukamatwa, tukamfukuza mpaka gereji.

Mwaka wake wa nne hapa chuoni, Afande alimwendea tena fundi cherehani. Safari hii alikaribishwa kiti. Tangu hapo, kila kundi jipya likija, mama huyo hukaa mbele ya darasa na kuwaeleza makuruta kaka yake alikuwa mtu wa namna gani. Afande husimama nyuma, wima, mpaka neno la mwisho. Hajawahi kutoka nje.

Miaka mitatu iliyopita, mwanafunzi wake mmoja, konstebo, alikuta mwanamume aliyechanganyikiwa ameshika kisu ndani ya zahanati. Aliwatoa wagonjwa, akajikinga nyuma ya meza ya mapokezi, akaongea naye dakika arobaini hadi kisu kikawekwa sakafuni. Kabla hata ya kuandika ripoti alipiga simu hapa. Kupitia ukuta tulimsikia Afande akimjibu, “Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa kaa chini, unywe maji.” Kisha akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza akachelewa uwanjani. Konstebo huyo ndiye anayepokea mikoba yake.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa saa nne asubuhi. Kwa desturi ya chuo, mstaafu wa cheo chake hupigiwa risasi tatu hewani. Ameomba zisipigwe, na ghala litabaki limefungwa. Fundi cherehani amethibitisha kuja. Ameomba kiti karibu na mume wa Afande.

Asante, Afande, kwa maelfu ya makuruta uliowanoa, na kwa watu tusiowajua ambao walikutana nao barabarani na wakarudi makwao wazima. Tunakuombea afya, na siku nyingi za utulivu pamoja na wako.