Shemeji na Kabureta Iliyozaliwa Baada ya Gari

Kama si mimi, karakana hii leo ingekuwa ghala la viazi. Sijisifu, nasema lililopo. Mimi, fundi wa bodi na rangi, ndiye niliyemshika mkono fundi wetu wa kabureta nikamwingiza kwa mlango ule wa mabati, akiwa ndio kwanza kamuoa dada yangu. Nilimwita Shemeji, karakana nzima ikaniiga, na mameneja watatu wamekuja na kuondoka wakimwita Shemeji ijapokuwa hakuoa kwao.

Ametumika miaka thelathini na minne. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita. Nimepewa nusu ukurasa katika ratiba ya sherehe ya kumuaga, nimwandikie wasifu. Nusu ukurasa hautoshi kueleza skrubu moja ya Shemeji, kwa hiyo nitaandika mpaka nimalize. Anayeona ni mrefu aruke, aende kwenye ratiba ya chakula.

Kwa wageni wasioijua kazi yake: sisi hufufua magari ya zamani, na mwenye gari la zamani hataki kabureta yoyote tu inayopitisha petroli. Anataka ileile ya kiwandani, ya gari lile, ya mwaka ule. Sasa kabureta hazina cheti cha kuzaliwa. Zina kibati cha shaba chenye namba, kimebanwa na skrubu moja juu ya kifuniko, na watu wengi husoma kibati wakaridhika. Shemeji hakusoma kibati. Alisema kibati ni kama kofia, huvaliwa na yeyote. Yeye aligeuza kabureta chini juu, akasugua uchafu kwa mswaki uliolowa mafuta ya taa, akatafuta kiduara kidogo kama saa ya mdoli, kilichomiminwa pamoja na mwili wenyewe. Katikati mna mwaka, kandokando mna vidoti, na kila kidoti ni mwezi. Kidoti hakivuliwi kwa bisibisi.

Niliwahi kumfunga macho kwa kitambaa nikampa kabureta kumi na moja azipapase. Alizitaja kumi na mbili, mwaka na mwezi. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye mfuko wa mteja aliyekuwa bado yuko getini. Asiyeamini shauri yake. Dada yangu naye analalamika hadi leo kwamba hawezi kwenda dukani na mumewe, maana hanunui sufuria bila kuipindua kwanza na kuikagua makalio.

Lakini kilichomfanya awe Shemeji tunayemuaga ni lile gari la kijani.

Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa. Alikuwa analipeleka kwenye maonyesho na alihitaji karatasi yetu yenye muhuri na saini ya Shemeji, kwamba kila kitu chini ya boneti ni asilia. Kibati cha kabureta kilisema sawasawa. Shemeji akaigeuza, akasugua, akahesabu vidoti tisa. Gari lilitoka kiwandani mwezi wa tatu wa mwaka uleule. Kabureta huzaliwa kabla ya gari, haizaliwi miezi sita baadaye. Akaweka kalamu chini.

Meneja wa wakati ule akaja mezani. "Shemeji, vidoti ni vidogo, nani atavihesabu?"

"Mimi nimeshavihesabu, bosi."

"Basi visahau."

"Nikivisahau leo, kesho utaniletea karatasi gani niiamini mwenyewe?"

Meneja akampa mpaka saa nane mchana: atie saini, au achukue vifaa vyake aende nyumbani. Tusidanganyane, Shemeji alikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba ambayo upande mmoja haujaezekwa. Saa nane ilipofika alikuwa amefunga lenzi yake ya kukuzia vidoti kwenye kitambaa, na mswaki wake uko kwenye mfuko wa shati. Hakupiga kelele. Alimwambia meneja, "Muhuri ni wako, macho ni yangu," akatoka. Mafundi wakaweka spana chini, wakasimama mstari mmoja hadi getini, na kazi ikalala siku mbili. Siku ya tatu meneja akatuma gari kumfuata.

Tajiri alikuwa ameshakwenda kwingine akapigiwa muhuri kwa dakika tano. Kwenye maonyesho majaji wakaigeuza kabureta, wakahesabu vidoti, wakamwondoa kwenye mashindano mbele ya watu. Wiki iliyofuata akarudi kwetu, sauti imepungua nusu, akiuliza yuko wapi yule mzee wa mswaki. Shemeji hakumsimanga. Alitafuta miezi minne, kwenye rafu zake na kwa wauza vyuma chakavu, mpaka akapata mwili wenye vidoti viwili, akaujenga upya jeti kwa jeti, vile vijitundu vya kupimia petroli. Mwaka uliofuata gari la kijani likashika nafasi ya kwanza.

Sasa nasikia minong'ono kwenye korido: kabureta mpya zinakuja ndani ya boksi, zinafanana kabisa na za zamani, meza ya Shemeji iwekewe mashine ya kahawa. Naandika hapa kwenye ratiba rasmi ili isomwe na wote, meneja mpya akiwemo: meza ile haiondoki. Rafu zile zenye miili mia mbili na kumi haziendi kuyeyushwa. Yule binti wa kitengo cha umeme aliyefundishwa na Shemeji miaka sita tayari anahesabu vidoti vizuri kuliko mimi, na ataketi hapo Jumatatu. Mwenye kupinga aje na lenzi yake.

Shemeji, karakana inakushukuru kwa kila saini uliyotia, na zaidi kwa ile uliyokataa. Nenda ukapumzike, uezeke ule upande, ununue sufuria bila haraka. Afya iwe nawe na dada yangu akuvumilie.

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna jambo. Miaka yote nimewasimulia wageni kwamba katika mstari ule wa getini mimi nilikuwa wa kwanza, kifua mbele. Shemeji amekuwa akinisikia na hajanikosoa hata mara moja. Ukweli ni kwamba saa nane ile nilikuwa nimelala chini ya pikapu moja, nagongagonga kwa nyundo ili nionekane nina kazi, na nilimuaga kwa kuangalia viatu vyake vikipita. Pikapu yenyewe ilikuwa imeletwa kubadilishwa kioo cha pembeni.